Somalia Imeingia Jumuiya, Lakini Mtangawanda Nani Ameulizwa?

Chora hii picha. Umeshuka kwa boti pale Mtangawanda, kisiwa cha Pate. Magunia ya unga yanapandishwa jetini, kina mama wanahesabu mizigo yao, na wasee wa boda wanakuita kila mmoja kwa sauti yake: Pate, Siyu, Faza, unaenda wapi? Maji uliyovuka ni ya Manda Bay. Ng'ambo, upande wa bara, ndiko Kililana, palipojengwa Bandari ya Lamu. Ukifuata pwani kwenda kaskazini utapita Kiunga, halafu Ras Kamboni, na hapo tayari uko Somalia.

Sasa shika hii rada. Tangu 4 Machi 2024, Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa karatasi, mvuvi wa Pate na mvuvi wa Kismayu wako nyumba moja, vile tu msee wa Nairobi yuko nyumba moja na msee wa Kampala. Mambo ya soko la pamoja, kutembea bila presha, kufanya biashara kwa jirani, yote yameandikwa.

Lakini manze, hebu tuulizane. Kabla hiyo nyumba kuongezwa chumba, wale wanaoishi ukutani kabisa waliulizwa wapi? Mzee wa Mtangawanda ambaye ana binamu Kismayu alipewa nafasi gani ya kusema anachotaka na anachoogopa?

Usidhani hii ni stori ya Lamu peke yake. Ni swali la kila mtu anayeishi mpakani, Busia, Namanga, Lunga Lunga, Moyale. Nchi jirani zinaunganishwa na watu wa suti, lakini wanaolala na matokeo ni watu wa kandambili. Na kama hawa wa kandambili hawana mahali pa kubonga, hiyo kuunganishwa haiwezi kudumu. Si mimi nimesema. Wazito wenyewe waliandika.

Jumuiya ya kwanza ilikufa, na sababu wanaijua

Jumuiya tuliyo nayo si ya kwanza. Ile ya kwanza ilianzishwa 1967 na Kenya, Uganda na Tanzania, ikavunjika 1977. Mtaani huwa tunaambiwa ni Idi Amin alikosana na Nyerere, ama ni ubepari wa Kenya ulikataana na ujamaa wa Tanzania. Hayo yalikuwepo kweli.

Lakini chukua Mkataba wa Jumuiya hii mpya, uliosainiwa Arusha 30 Novemba 1999. Soma utangulizi, hata kabla hujafika kifungu cha kwanza. Wanataja wenyewe vitu vilivyoua ile ya zamani. Viongozi hawakuwa na nia ya kutosha. Faida haikugawanywa sawa. Na kingine: asasi za kiraia na wafanyabiashara hawakushiriki vya kutosha.

Asasi za kiraia ni jina zito la kitu unachokijua. Ni chama cha wavuvi, kikundi cha kina mama, wanasheria, watu wa mazingira, vijana wa kutetea haki, yaani watu waliojipanga pamoja bila kuwa serikali na bila kutafuta faida. Mkataba unakiri kwamba bila hawa, Jumuiya ilidondoka. Sasa ukijua kilichokuua mara ya kwanza, si utakichunga mara ya pili?

Milango iko, ufunguo ndio ngori

Tuwe wakweli, milango waliweka. Kifungu cha 7 kinasema Jumuiya ni ya watu kwanza. Kifungu cha 127 kinazitaka serikali ziwape asasi mazingira mazuri, na kinamtaka Katibu Mkuu aandae jukwaa la kuzungumza nazo. Kifungu cha 30 ndicho moto zaidi: mtu yeyote anayeishi nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali kwa Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na si lazima kwanza amalize koti zote za nyumbani. Tangu 2007 kuna hata muungano wa asasi za nchi hizi, EACSOF, wenye makao Arusha. Na 2012 serikali zilipitisha mfumo rasmi wa mashauriano kati ya Jumuiya, asasi na wafanyabiashara.

Fiti sana. Sasa jifanye wewe ni mvuvi wa Siyu. Vikao vya mwanzo vya hayo mashauriano vilifanyika Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe. Wewe kufika Nairobi tu ni boda mpaka Mtangawanda, boti mpaka Mokowe, halafu basi usiku na mchana. Nani analipa? Na siku hizo zote nani anavua?

Kuna Bunge la Afrika Mashariki, EALA. Kila nchi inapeleka wabunge 9. Lakini hawa hukuwapigia kura wewe, wanachaguliwa na bunge la nchi. Jaribu kutaja wawili wa Kenya bila kuangalia simu. Ukiweza, wewe ni mnoma.

Halafu kuna lugha. Mkataba ulisema lugha rasmi ni Kiingereza, Kiswahili kikuzwe kiwe cha mawasiliano. Ni mpaka 2021 ndipo wakuu wa nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe rasmi pia. Fikiria hiyo ukiwa Pate, kisiwa ambacho Utendi wa Tambuka ulitungwa 1728. Watu waliokuwa wanaandika Kiswahili kabla Nairobi haijakuwa hata kambi ya reli, ndio wanangoja watafsiriwe mambo yanayowahusu.

Mradi wa nchi tatu, kesi ya nchi moja

Tukuje kwa LAPSSET, ju hapa ndipo utaona tatizo kwa macho.

Tarehe 2 Machi 2012, marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walikuja Lamu kuzindua mradi. Bandari, barabara, reli, bomba la mafuta, yote ya kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Mpango wa mwanzo ulikuwa na gati 32. Kama unatafuta picha ya nchi jirani zikishikana mikono, ndiyo hiyo.

Sasa bandari haichimbwi hewani. Manda Bay ilichimbwa chini ili meli kubwa zipite, mikoko ikakatwa, na mahali wavuvi walikuwa wanatega wakaambiwa ni pa bandari. Mvuvi wa Lamu wengi wao wanatumia mashua ndogo. Ukimwambia aende bahari kuu, ni kama kumwambia dere wa tuktuk akimbize na trela barabara ya Mombasa.

Wenyeji hawakukaa kimya. Walijipanga, wakaunda muungano unaojulikana kama Save Lamu, na mwaka huohuo wa 2012 wakazi wakaenda koti. Ni ile kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake. Ilichukua miaka sita. Aprili 2018 Mahakama Kuu ikasema watu hawakushirikishwa inavyotakiwa, haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao ilivunjwa, na wavuvi 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni. Ukigawa sawasawa ni kama Sh380,000 kwa kila mmoja. Doh haikutoka kesho yake. Mamlaka ya Bandari ilikata rufaa, na mazungumzo yakavutwa miaka baada ya hukumu. Wakati huo kazi iliendelea, na gati la kwanza likafunguliwa 20 Mei 2021.

Mwaka mmoja baada ya hukumu ya bandari, ikaja nyingine. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokuwa kijengwe Kwasasi, cha megawati 1,050. Sababu kubwa ni ileile, wananchi hawakuhusishwa vizuri. Walioshtaki ni Save Lamu na wenzao. Watu wa visiwani, dhidi ya mradi wa karibu dola bilioni 2.

Hapo sasa angalia kwa makini. Walishinda kwa sababu ya Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo inalazimisha serikali kuwashirikisha wananchi. Walioshtakiwa kwa kesi ya bandari ni serikali ya Kenya na taasisi zake. Lakini mradi ni wa nchi tatu! Bandari inajengwa ili mzigo wa Juba na Addis Ababa upite. Je, mvuvi angewauliza wapi hao wengine wawili? Sudan Kusini iliingia Jumuiya 2016. Ethiopia haimo mpaka leo. Hakukuwa na koti moja ambako serikali zote tatu zingesimama mbele ya mvuvi zijibu.

Yaani faida imepangwa kwa kanda nzima, lakini kilio kinaishia Malindi na Nairobi. Hilo ndilo pengo. Sheria za nyumbani zinambeba mwananchi mpaka mpakani, halafu zinamshusha, wakati mradi wenyewe unaendelea na safari.

Miezi miwili, halafu mlango unafungwa

Unaweza kusema, si kuna Mahakama ya Arusha? Ipo, na imewahi kufanya kitu. Tanzania ilipotaka kupitisha barabara ya lami kaskazini mwa Serengeti, shirika la Kenya la kutetea wanyama, ANAW, liliishtaki Tanzania Arusha. Juni 2014 mahakama ikasema hapana, hiyo lami ingevunja Mkataba. Fikiria hiyo: shirika la nchi moja linaizuia serikali ya nchi nyingine kwa sababu nyumbu hawajui mpaka. Hiyo ndiyo Jumuiya yenye meno.

Sasa geuza. Novemba 2020, asasi nne kutoka Kenya, Uganda na Tanzania zilishtaki kuhusu EACOP, lile bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Tanga. Tarehe 29 Novemba 2023 mahakama ikaitupa kesi. Hawakufika hata kwa swali la kama bomba ni zuri ama ni baya. Mahakama ilisema wamechelewa, ju Mkataba unataka ushtaki ndani ya miezi miwili, na makubaliano ya bomba yalisainiwa 2017.

Miezi miwili, msee. Makubaliano yanasainiwa na marais, yanakaa kwa faili, wewe kijijini unakuja kuyasikia siku watu wa kupima shamba wanapofika na vigingi.

Na hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Hiyo sheria ya miezi miwili haikuwemo kwa Mkataba wa 1999. Iliwekwa baada ya Novemba 2006, wakati Mahakama ya Arusha, kwa kesi ya Anyang' Nyong'o na wenzake, ilizuia watu wa Kenya kuapishwa kuwa wabunge wa EALA kwa sababu ya vile walivyochaguliwa. Wakubwa hawakufurahi. Mwezi uliofuata, Desemba, wakasaini mabadiliko ya Mkataba, na ndani yake kulikuwa na huo ukomo wa muda. Vyama vya mawakili vikashtaki. 2008 mahakama yenyewe ikasema wazi: mabadiliko hayo yalifanywa bila kuwashirikisha wananchi, na hilo ni kinyume cha Mkataba. Lakini haikuyafuta. Yakabaki.

Soma tena hiyo kitu polepole. Mlango unaomfungia mwananchi uliwekwa bila kumuuliza mwananchi, koti ikakiri hivyo, na mlango bado uko hapo.

Rudi kaskazini, kwa Wabajuni

Turudi Pate. Wabajuni wako Faza, Kizingitini, Kiunga, na wako pia Kismayu na visiwa vya kusini mwa Somalia. Ni watu wamoja, lahaja moja, wameoana. Somalia ilipoporomoka 1991 wengi walikimbilia huku. Mpaka uliwakuta.

Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilichora mpaka wa baharini kati ya Kenya na Somalia. Sehemu iliyokuwa inagombaniwa ni zaidi ya kilomita za mraba 100,000, na nyingi ilienda Somalia. Kenya ikasema haitambui hukumu. Katika mahakama ile, wanaoongea ni nchi tu. Mvuvi hana kiti. Kwa hiyo mtu ambaye babu yake alikuwa anafuata samaki kwa upepo wa kusi na kaskazi, leo hajui akivuka ni mgeni, ni mhalifu ama ni mwananchi wa Jumuiya.

Kuna anayeniambia, wewe acha ndoto, kule kuna Al-Shabaab. Namwelewa, na sitamcheka. Juni 2014 Mpeketoni watu zaidi ya 60 waliuawa. Januari 2020 kambi ya Manda ilishambuliwa. 2023 serikali ilitangaza mpaka wa Kenya na Somalia ungefunguliwa, mashambulizi yakaja, mpango ukaahirishwa. Mama aliyepoteza mtoto hawezi kuambiwa afungue mlango kwa sababu ya mkutano wa Arusha.

Lakini angalia nani amekuwa akilipia huo usalama. Kuanzia 2011 wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku, na ikawa hivyo kwa miaka kadhaa. Kwa mvuvi wa nyavu, usiku ndiyo kazi. Kama kuna watu wanajua kila mkondo, kila boti na kila sura ngeni upande ule, ni hawa. Ukipanga usalama bila wao, umejinyima macho. Na ukipanga biashara bila wao, itafanywa na magendo.

Tujikosoe pia

Tusiweke lawama zote kwa serikali. Asasi zenyewe zina mambo yao. Kuna asasi ambayo ni msee mmoja, muhuri na barua ya mfadhili. Anaenda Arusha kusema "jamii ya pwani inataka," na jamii ya pwani haimjui. Ukienda kwa niaba ya watu, rudi uwaambie ulisema nini na ulijibiwa nini. Usiporudi, huna tofauti na wale wabunge tisa.

Na serikali zinautumia huo udhaifu. Zikitaka kukunyamazisha zinakuuliza tu, "Wewe umechaguliwa na nani?"

Kwa hivyo ifanywe nini?

Vitu vinne, na hakuna hata kimoja ambacho ni muujiza.

Kwanza, huo ukomo wa miezi miwili uongezwe, na uhesabiwe kuanzia siku makubaliano yamechapishwa mahali mwananchi anaweza kuyasoma, kwa Kiswahili. Wabunge wa EALA ndio wa kusukumwa hapa. Ni wetu, hata kama hatukuwapigia kura.

Pili, mashauriano yashuke pwani na mipakani. Kikao kimoja kikifanywa Faza ama Kiunga badala ya hoteli kubwa mjini, gharama ya usafiri inabebwa na wenye mishahara.

Tatu, mpaka wa baharini upate meza yake. Kule Ziwa Victoria, Kenya, Uganda na Tanzania zina shirika la pamoja la uvuvi tangu 1994, na vikundi vya wavuvi vya BMU vimo katika kusimamia fuo. Samaki wa ziwani amepata wa kumzungumzia nchi tatu. Wavuvi wa Kiunga na Ras Kamboni wanaweza kuanza na kamati ndogo tu: nani anaruhusiwa kuvua wapi, akikamatwa anapelekwa wapi, injini ikizima nani anamwokoa.

Nne, na hii ni ya wewe uliye kijijini: jiandikisheni, andikeni. Kikundi kiwe na jina, orodha ya wanachama, kumbukumbu za vikao, na barua mlizotuma zikiwa na tarehe na muhuri wa kupokelewa. Kesi zinashindwa ama kushindwa na karatasi. Mahakama haiwezi kujua mnavua wapi kama hakuna mtu aliyeandika. Na Mahakama ya Arusha ina ofisi ndogo ya masjala Nairobi, kwa hivyo si lazima kuvuka Namanga ndio uwasilishe karatasi.

Usiseme haiwezekani. Oktoba 2016 Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji, walianza safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia. Walikuwa wameishi Kenya miaka na miaka bila kitambulisho. Wakishirikiana na watetezi wa haki, walifika mpaka kwa rais, na leo wanatambuliwa kama kabila la Kenya. Wapemba nao walitambuliwa 2023. Hizo ni stori za watu wa nchi jirani ambao asili yao ilivuka mpaka, na waliosikizwa baada ya kujipanga.

Somalia imeingia. Lamu ina bandari. Siku moja Ethiopia na Sudan Kusini zitataka mzigo wao upite kwa kasi, na makubaliano mengine yatasainiwa mahali fulani penye kiyoyozi. Kuanzia siku hiyo utakuwa na miezi miwili. Boti ya Mtangawanda haingoji abiria aliyelala, na hii pia haitakungoja. Kikundi chenu kiko na katibu? Kama hakina, anzeni hapo, hata leo jioni.